John Quayle: kutoka uwanjani hadi kiti cha moto

Nyota wa zamani akigombea uongozi wa chama cha michezo, wapambe wake huja na hoja moja: mchezo anaujua, ameucheza. Hoja hiyo hunikumbusha John Quayle wa Sydney.

Quayle alicheza raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 (Kenya tumezoea ya 15 na ya saba saba), katika klabu za Eastern Suburbs na Parramatta, na mwaka 1975 akaichezea Australia. Mwaka 1983 akawa meneja mkuu wa ligi ya jimbo la New South Wales, lenye jiji la Sydney, chini ya mwenyekiti Ken Arthurson, naye mchezaji wa zamani wa klabu ya Manly.

Kazi waliyoifanya haina ubishi. Ligi iliyokuwa hasa ya klabu za mitaa ya Sydney ilipata timu za Brisbane, Newcastle na Gold Coast mwaka 1988. Mwaka uliofuata mwanamuziki Tina Turner akawekwa kwenye matangazo yake. Mwaka 1990 ukaja ukomo wa mishahara, yaani kikomo cha jumla ambayo klabu ingewalipa wachezaji wake, ili klabu tajiri zisizoe wachezaji wote. Kufikia 1995 timu zilikuwa 20, mojawapo ya Auckland, New Zealand.

Nakubali, mtu akibanwa mshahara humsikiliza zaidi bosi aliyewahi kuvaa jezi. Lakini matangazo, ukomo wa mishahara na upanuzi wa ligi havifundishwi mazoezini. Uchezaji ulimpa Quayle heshima. Kazi yenyewe alijifunza ofisini.

Kisha mwaka huohuo wa 1995, kampuni ya Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, iliyoutaka mchezo kwa ajili ya televisheni ya kulipia, ikaanza kuwasainisha wachezaji wahamie ligi nyingine mpya, Super League, kwa donge nono. Ligi ilikuwa imezitaka klabu zitie saini ahadi za uaminifu. Wachezaji wengi wakaondoka hata hivyo. Kwa maoni yangu, hapa uchezaji ulimponza Quayle: alitegemea mapenzi ya jezi kwa vijana ambao raga kwao ilikuwa ajira. Ingawa, tuseme kweli, hata mhasibu hodari angehemea mbele ya mfuko wa Murdoch.

Quayle alijiuzulu mwaka 1996. Msimu wa 1997 Australia ilikuwa na ligi mbili, moja ya timu 12 na nyingine ya timu 10. Yeye alihamia maandalizi ya Olimpiki ya Sydney 2000, kwenye usimamizi wa viwanja, michezo ambayo raga haikuwamo kabisa.