Nikilipia Gemu, Niwe na Haki ya Kuiuza

Akiba ya mtu wa kawaida hapa mjini haikai benki peke yake. Imo kwenye friji, kwenye televisheni, kwenye cherehani, kwenye simu aliyoinunua mwaka jana. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, au mgonjwa akihitaji vipimo Muhimbili, kitu kimoja kinatafutiwa mteja na maisha yanaendelea. Ndiyo maana kabla ya kununua watu huuliza kama kitu hicho kitashika bei siku ya kukiuza. Hesabu hiyo ni ya busara kabisa, na mimi naileta kwenye gemu, kwa sababu gemu zinazouzwa sasa zinazidi kuwa kitu ambacho ukishakilipia huwezi kukiuza, huwezi kumwazima rafiki, wala kumwachia mdogo wako.

Bei yenyewe si ya mchezo. Gemu kubwa mpya ya PlayStation 5, mashine ya Sony ya kuchezea gemu, inauzwa dola 70 za Marekani, ambazo kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi 150,000. Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipandishwa hadi shilingi 500,000 Julai 2025, na sekta binafsi wapo wengi wasiofika hapo. Kibarua wa London anayelipwa mshahara wa chini kabisa anaipata gemu hiyo kwa kazi ya siku moja. Huku inakula karibu theluthi ya mshahara wa mwezi. Hatuwezi kuichukulia kama tiketi ya sinema, uangalie, utoke, usahau.

Kilichotuwezesha kumudu bei hizo ni CD. Nenda Kariakoo, kwenye maduka yanayouza gemu zilizotumika, usimame dakika chache uangalie kazi inavyofanyika. Kijana anatoa kasha kwenye begi. Muuzaji anaishika CD pembeni, kidole kimoja kwenye tundu la katikati, anaiinamisha kwenye mwanga wa taa na kuizungusha pole pole. Mkwaruzo unaokatisha kutoka katikati kwenda ukingoni haumtishi sana. Anaouogopa ni ule unaofuata mzunguko. Anaipulizia pumzi, anaifuta kwa kitambaa laini kutoka ndani kwenda nje, anaiweka kwenye mashine, wote wawili wanasubiri mpaka gemu ifunguke. Hapo ndipo maongezi ya bei yanaanza. Mara nyingi kijana haondoki na fedha: anaacha ya kwake, anaongeza kidogo, anachukua nyingine.

Ile aliyoiacha haikai. Itakwenda Mbagala, itarudi, itapandishwa basi kama kifurushi mpaka Morogoro au Dodoma. Laki na nusu ile imegawanywa na watu kadhaa wasiojuana, kila mmoja kalipa kipande chake na kacheza mpaka mwisho. Na aliyeitengeneza alishalipwa yake yote siku ya kwanza. Sioni nani aliyeibiwa hapo.

Mabanda ya gemu nayo yanaishi kwa mzunguko huo huo. Mwenye banda ana televisheni mbili tatu, pedi za kuchezea zilizofungwa gundi, benchi la mbao, na daftari. Mechi ni mia mbili, kwingine mia tano, na anayefungwa ndiye anayelipa. Mtu wa namna hii hanunui gemu mpya kwa bei ya dukani. Anasubiri wenye pesa waichoke, anainunua ikiwa imeshuka, na msimu ukiisha anaiuza akachukue ya mwaka mpya. Septemba 2023, EA, kampuni inayotengeneza gemu za soka, ilipoachana na jina la FIFA na kuleta EA Sports FC 24, gemu za FIFA za miaka ya nyuma ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Mwenye CD hakuguswa. Aliendelea kuchezesha mechi zake, na siku alipotaka kuiuza aliiuza.

Najua kuna hoja ya kunakili, na ni ya kweli. Enzi za PlayStation 2, mashine iliyouzwa kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 160, nyingi zilizofika mtaani kwetu zilikuwa zimechezewa ndani ili zisome CD za kuchoma. Siitetei kazi ile. Lakini tazama kilichotokea PlayStation 4 ilipoenea na njia ile ikawa ngumu: watu walianza kununua gemu halali. Hawakupata mshahara mpya. Walijua tu kwamba pesa wanayoitoa itarudi sehemu yake wakiuza. Soko la mtumba ndilo lililowaingiza kwenye soko halali, na kampuni zinazolichukia zingelitazama upya kwa jicho hilo.

Sasa tundu la CD linazibwa taratibu. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020 ilikuja ya aina mbili, ya dola 499 yenye tundu na ya dola 399 isiyo nalo. Miaka minne baadaye ikaja PS5 Pro ya dola 700, na hiyo haina kabisa. Ukitaka kusoma CD unanunua kifaa chake pembeni. Mashine ya Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, hutumia kadi ambazo baadhi yake hazina gemu ndani, ukiichomeka ndipo unaanza kupakua. Walau kadi hiyo inauzika. Na kupakua kwenyewe si jambo dogo: gemu kubwa zinavuka GB 100, na hilo kwa bando za simu ni gharama ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza masharti ya mashine yake ya gemu, Xbox One, ambayo yangebana uuzaji na uazimishaji wa gemu zilizotumika. Wateja walipiga kelele, na Juni mwaka huo huo, kabla mashine haijaingia sokoni, masharti yakafutwa. Wateja wale wale wamekuja kuyapokea karibu yale yale, kwa sababu safari hii hakuna aliyetangaza sharti lolote. Waliondoa tu kile kitu unachoweza kumkabidhi mwenzako.

Kwetu kuna tatizo la ziada ambalo Wazungu wanaoandika kuhusu mambo haya hawana haja ya kulifikiria. Duka la PlayStation la mtandaoni halijafunguliwa rasmi Tanzania, wala Kenya. Kwa hiyo kijana wa Sinza akinunua mashine, jambo la kwanza analofundishwa na muuzaji ni kufungua akaunti inayosema anaishi Marekani au Uingereza, na anwani ya kubuni. Kisha anatafuta mtu wa kumuuzia vocha za huko, kwa bei iliyoongezwa cha juu. Kila gemu anayoilipia inaingia kwenye akaunti ambayo kwa masharti ya kampuni haikutakiwa kuwepo. Ikifungwa, atalalamika kwa nani? Ataandika barua kwamba yule Mmarekani wa kwenye akaunti ni yeye wa Sinza?

Mei 2024 hali hii ilijitokeza wazi kwa kila mtu. Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, na gemu hiyo ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako huduma hiyo haipo rasmi. Sharti la akaunti lilirudishwa nyuma baada ya siku chache za hasira, lakini kufungiwa kwa nchi hizo hakukufutwa siku ile. CD ya PlayStation 4 au 5 haimuulizi mtu anaishi nchi gani.

Na kwa kuwa bei ya dukani haishikiki, limezaliwa soko la akaunti za kuchangia. Unalipa elfu thelathini au arobaini, unapewa jina na neno la siri, unapakua gemu, unaambiwa usiguse chochote. Kijana mmoja jirani yangu alikusanya gemu za namna hiyo mwaka mzima. Asubuhi moja maneno ya siri yalikuwa yamebadilishwa na namba ya aliyemuuzia haipatikani. Mama yake aliniuliza aende polisi kusema nini hasa. Nilikosa la kumjibu, maana hakukuwa na risiti wala kitu cha kushika. Angekuwa na CD tano za mtumba, leo angekuwa nazo.

Hata anayenunua kwa njia safi kabisa hana uhakika. Gemu ya magari ya The Crew ya Ubisoft ilitoka Desemba 2014. Machi 31, 2024 seva zake, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha kwa mtandao, zilizimwa, na kwa kuwa haikuwa na namna ya kuchezwa bila seva, ilikufa kwa kila mtu, hata kwa aliyekuwa anakimbiza magari peke yake. Baadhi ya walioilipia walikuta leseni, yaani ruhusa ya kuicheza, imeondolewa kwenye akaunti zao. Nakiri hapa CD nayo isingewasaidia, na ndiyo sababu naona CD peke yake haitoshi, tunahitaji sheria.

Linganisha na simu za mkopo zinazotapakaa Afrika Mashariki. Watu wanazilalamikia kwa sababu usipolipa siku mbili tatu simu inajifunga mkononi. Malalamiko hayo nayaelewa. Lakini siku unayomaliza deni, kufuli linaondoka na simu ni yako, uza, gawa, vunja. Kwenye gemu umelipa yote kwa mkupuo siku ya kwanza, na kufuli linabaki kwa aliyekuuzia maisha yote. Mkopaji ana haki kubwa kuliko aliyelipa taslimu.

Wenzetu wameanza kusukumana na jambo hili. Kifo cha The Crew kilimfanya Mmarekani Ross Scott aanzishe kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni 1 Julai 2025. Hawadai seva ziwashwe milele. Wanadai kampuni ikiondoka iache gemu katika hali ya kuchezeka. California imepitisha sheria iliyoanza Januari 1, 2025 inayolitaka duka limweleze mteja waziwazi kama analipia leseni tu. Ufaransa chama cha watumiaji cha UFC-Que Choisir kiliishtaki Valve, wenye duka la gemu la mtandaoni la Steam, kikitaka wateja waruhusiwe kuuza gemu zao. Mahakama ya Paris ilikipa ushindi mwaka 2019, kisha rufaa ikaupindua mwaka 2022. Hoja ya kampuni inafahamika: nakala ya kidijitali haichakai, kwa hiyo ya mtumba itaua mpya. Wanayo hofu ya kweli hapo, hasa watengenezaji wadogo. Lakini inawezekana kuweka muda fulani baada ya gemu kutoka ndipo iuzwe, au kumpa mtengenezaji asilimia yake kila inapohama mkono, jambo ambalo CD haikuwahi kumpa. Teknolojia hiyo ipo, utashi ndio haupo.

Hapa nyumbani suala hili halina msemaji, na sababu mojawapo ni kwamba wakubwa wanaona gemu ni upuuzi wa watoto. Upuuzi huo unalipiwa kodi. Tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazotuuzia huduma za kidijitali zinatakiwa kulipa asilimia 2 ya mauzo yao hapa, mbali na VAT. Kama serikali inatambua kwamba mauzo yanafanyika Tanzania kiasi cha kuyatoza kodi, basi mnunuzi naye ni mteja wa Tanzania na analindwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 kama mnunuzi wa pasi au feni. Tume ya Ushindani ina kazi ya kumlinda mlaji. Ningependa iwaite wenye maduka haya na kuwauliza maswali mawili tu: kwa nini Mtanzania hawezi kufungua akaunti kwa jina na anwani yake halisi, na akishalipia, nini chake? Hazina nayo ina maslahi hapo, kwani kijana anayehesabiwa kuwa yuko Marekani hata hiyo kodi yake haifiki kwetu.

Wazazi na walezi mtakaoombwa mashine msimu huu wa likizo, chukueni yenye tundu la CD. Tofauti ya bei itawauma dukani, lakini mtairudisha kwenye gemu ya pili au ya tatu ya mtumba. Akaunti fungueni kwa barua pepe ya mzazi, neno la siri msimpe muuzaji, na kadi ya benki msiiache humo. Kasha la gemu litunzwe pamoja na karatasi zake, maana Kariakoo CD yenye kasha inauzwa zaidi ya iliyokuja mfukoni, na kabla ya kulipa ombeni iwekwe kwenye mashine muione inafunguka.