Mkono wa mfuko si pambo

Inauma kuona mfuko wa kitambaa umetupwa ukiwa mzima kila mahali isipokuwa pale mkono ulipong'oka. Rangi bado inang'aa, mishono ya ubavuni imetulia, lakini mkono mmoja unaning'inia na chini yake pana tundu la ukubwa wa kidole. Halafu fungua video za mafunzo: mikono inapitiwa kwa sekunde kumi, piga mshono mmoja, geuza, umemaliza. Hujamaliza! Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Hebu tuhesabu. Mkono wenye upana wa sentimita 2.5, ukishonwa kwa mstari mmoja wa mishono ya milimita 2.5, umeshikwa na mishono 10 tu. Kumi! Na kila hatua ya mbebaji inaukwanyua mzigo. Ukiogopa na kurudia palepale mara tano kwa mishono midogo midogo, umezidisha ubaya, kwa sababu umekitoboa kitambaa kwenye mstari mmoja na hapo ndipo kitakapochanika. Uzi utabaki mzima, nguo itakwisha.

Dawa ni kuutawanya mzigo. Kata vipande viwili vya sentimita 10 kwa 70. Kunja kila kimoja katikati kwa urefu, piga pasi, fungua, leta kingo mbili kwenye alama ya katikati, kisha kunja tena. Unapata tabaka nne, upana sentimita 2.5. Shona kandokando pande zote mbili. Mdomo wa mfuko upinde sentimita 1, kisha 4. Ncha ya mkono izame ndani ya pindo mpaka chini, mkono ukielekea chini, nawe shona pindo mzunguko mzima. Sasa uinue mkono juu na ushone kisanduku cha urefu wa sentimita 3.5, na ndani yake msalaba wa kona kwa kona, mishono ya milimita 3. Kama kitambaa ni chepesi, shuka kuukuu kwa mfano, weka kiraka cha jinzi kwa ndani kabla ya kushona kisanduku.

Hapo cherehani ya nyumbani italalamika, maana sindano inapita tabaka kama 10. Sindano namba 11 itaruka mishono au itavunjika. Weka namba 16, gongagonga mkunjo kwa nyundo ulale, na penye unene zungusha gurudumu kwa mkono. Uzi uwe wa poliesta. Uzi wa pamba uliokaa miaka kabatini ukatike kwanza vidoleni mwako, usije ukakatikia njiani.

Mengine ni mepesi. Fua kitambaa kabla ya kukata, pamba hurudi. Mwili ukate kipande kimoja cha sentimita 90 kwa 42 ili kitako kisiwe na mshono. Kona za chini zishonwe sentimita 5 kutoka kwenye ncha, upate kitako cha sentimita 10.

Wapo wanaosema mfuko wa pamba nao ni mzigo kwa mazingira, na kwa shingo upande nakubali. Ripoti ya Mamlaka ya Mazingira ya Denmark ya 2018 ilikadiria kwamba mfuko wa pamba ya kawaida utumike angalau mara 52 ndipo ulingane na ule mwepesi wa plastiki katika athari kwa tabianchi peke yake, na mara 7,100 ukijumlisha athari zote walizopima. Mara 52 ni safari moja kila wiki kwa mwaka mzima. Mkono unaong'oka mwezi wa pili haufiki hata robo. Ndiyo maana nashikilia shuka na suruali kuukuu badala ya kitambaa kipya, na ndiyo maana sikubali mshono mmoja.

Kabla ya kuutumia, jaza kilo 10, utundike kwenye kitasa usiku kucha. Asubuhi kagua kisanduku kwa ndani: ukiona matundu ya sindano yamevutika na kuwa marefu, fumua, ongeza kiraka, shona upya.