Ukibonyeza F1, nani anajua?

Fungua LibreOffice, programu huria ya kuandikia nyaraka na kufanyia hesabu, kwenye kompyuta ambayo haikuwekewa kifurushi cha msaada, kisha bonyeza F1, kitufe cha kuomba msaada. Kinachofunguka ni kivinjari, na ukiwahi kusoma anwani iliyo juu utaikuta imebeba mambo manne: toleo la programu yako, lugha unayoitumia, kama uko kwenye Windows, Linux au Mac, na sehemu ya programu uliyokuwapo ulipokwama. La tano halionekani, nalo ni anwani yako ya IP, yaani namba ya muunganisho wako kwenye intaneti, kwa sababu bila hiyo seva, kompyuta inayotoa kurasa za msaada, haina pa kupeleka jibu.

Hapo hakuna ujanja. Seva isipojua toleo lako itakupa maelekezo ya vitufe ambavyo huna. Na asiyetaka kusema lolote anaweza kupakua kifurushi cha msaada akakisoma bila intaneti. Ubishi unaanza baada ya jibu kutolewa: taarifa hizo zitupwe, au zitunzwe zihesabiwe?

Wanaotaka zitunzwe wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Mwalimu akiona nyuso zimekunjamana anajua hajaeleweka. Mwandishi wa mwongozo haoni uso wa mtu. Anaweza kuandika kurasa mia tatu asijue kwamba wasomaji wanafungua ishirini tu, na katika hizo kuna mmoja wanaourudia mara nne kwa kuwa haueleweki. Kinachomfaa zaidi ni maneno yaliyotafutwa yakakosa jibu. Yeye kaandika "kuchapisha" kila mahali, watu wanaandika "kuprinti" na kuondoka mikono mitupu. Hakuna atakayemwandikia barua kumlalamikia. Msomaji ataondoka kimya, amwite mpwa wake amsaidie.

Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili hoja hiyo ina uzito wa ziada. Tafsiri nyingi za programu huria hubebwa na watu wachache wanaojitolea, na kurasa zao zisipoonekana kusomwa, ni vigumu kumshawishi yeyote aendelee kuzihuisha kila toleo jipya linapotoka.

Lakini maneno hayohayo ya kutafuta ndiyo yenye hatari kubwa. Agosti 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani rekodi za utafutaji zipatazo milioni 20, za watumiaji kama 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Haikuchukua siku nyingi waandishi wa New York Times wakamfikia mama mmoja huko Georgia, wakiongozwa na maneno aliyoyatafuta yeye mwenyewe. Mtu atasema huo ulikuwa utafutaji wa kila kitu, si wa mwongozo wa programu. Sawa, ila tazama watu wanavyotafuta msaada: wanakopi ujumbe wote wa hitilafu na kuubandika, pamoja na njia ya faili yenye jina lao na jina la waraka, labda "barua ya kuacha kazi". Na mada yenyewe inasema. Anayeuliza jinsi ya kurekebisha ankara iliyokwisha kufungwa, akiwa kwenye intaneti ya ofisi inayotambulika, ameshasimulia nusu ya hadithi.

Kuna uvujaji mwingine ambao hata mwenye mwongozo hakuukusudia. Nyaraka za Python, lugha ya kuandikia programu, hutengenezwa kwa Sphinx, zana ya kutengenezea miongozo. Kwa kawaida utafutaji wa Sphinx hufanyika ndani ya kivinjari chako: faharasa inapakuliwa, kazi inafanyika kwenye mashine yako. Unaweza kudhani neno lako halijatoka nje. Ila ukibonyeza Enter unapelekwa ukurasa wa search.html, na neno limeshonwa mwishoni mwa anwani baada ya ?q=. Kwa hiyo limeingia kwenye kumbukumbu za seva, ambamo kila anwani iliyoombwa huandikwa, na kama ukurasa una msimbo wa kuhesabu wageni kutoka kampuni nyingine, huenda na huko limetumwa. Ndiyo maana tamko la "hatukusanyi taarifa zako" halinitoshi. Nataka kujua kumbukumbu za seva zinakaa siku ngapi.

Je, kuomba ridhaa kunamaliza ugomvi? Februari 2023 Russ Cox, aliyekuwa akiongoza Go, lugha nyingine ya kuandikia programu, pale Google, alipendekeza zana za Go zikusanye takwimu za matumizi, na asiyetaka azime mwenyewe. Watumiaji walipinga, naye akageuza: anayetaka ndiye awashe. Katika Go 1.23, ya Agosti 2024, hesabu hubaki kwenye kompyuta yako hadi uruhusu zitumwe. Ni heshima, ila ina gharama yake. Anayejua mahali pa kuwasha kitu kama hicho si yule anayehangaika. Ukihesabu walioridhia tu, unaweza kuandika mwongozo kwa ajili ya wasiouhitaji.

Kwangu mimi, kurasa zihesabiwe, na maneno yaliyokosa jibu yatunzwe bila anwani ya IP na baada ya kuondolewa chochote kinachofanana na jina au njia ya faili. Ninapokataa ni kwenye kumfuata msomaji mmoja kutoka ukurasa hadi ukurasa, hata kama hilo lingeonyesha anapotelea wapi. Kwa hilo kaa na watu watano na mwongozo mbele yao, utajifunza mengi kwa asubuhi moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya 2019, zote zinataka ukusanye kinachohitajika kwa lengo ulilolitaja, basi. Neno "kuprinti" peke yake si taarifa ya mtu.

Na yupo mtu ambaye hesabu zote hizi hazimwoni. Ni yule aliyemwita mpwa wake tangu mwanzo, bila kugusa F1.