Sera ya uzazi iko ndani ya kabati la zahanati

Wifi yangu ana kadi ya kliniki ya uzazi wa mpango iliyokunjwa mara nne, kona zake zimelika. Anaitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kwa miaka miwili tarehe zimefuatana vizuri: sindano, miezi mitatu, sindano. Halafu kuna mstari mtupu.

Siku ya mstari ule nilikuwa naye. Tulipanda bodaboda mishikaki tangu alfajiri, tukakaa kwenye benchi mpaka saa tano. Nesi akaikunjua kadi, akaisoma, akaenda kufungua kabati, akarudi mikono mitupu. "Mama, sindano hazijafika. Jaribu wiki ijayo." Wiki ijayo hazikuwepo. Wiki iliyofuata wifi hakuwa na nauli. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye benchi lile lile, mara hii kliniki ya wajawazito, mimba ya tano. Mtoto aliyezaliwa ndiye hunikimbilia kwanza nikifika, na hakuna kati yetu asiyempenda. Lakini mama yake alishasema wanne wanatosha. Alisema kwa mume wake, akasema kwa nesi, na kadi inashuhudia.

Ndiyo maana kila nikisikia mjadala wa kama serikali inaweza kubadili idadi ya watoto wanaozaliwa ukianzia kwenye hotuba za viongozi, natamani uanzie kwenye kabati lile.

Kwetu Tanga mpaka na Kenya uko karibu, ndugu wako pande zote mbili. Kidigo ni kile kile, harusi ni zile zile, muhogo ule ule. Nchi zote mbili zilifanya utafiti wa afya ya uzazi mwaka 2022. Kenya ilipata wastani wa watoto 3.4 kwa mwanamke, Tanzania 4.8. Wengi wakiona hivyo husema Wakenya walianza mapema. Ni kweli, mwaka 1967 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara kuwa na mpango wa taifa wa uzazi wa mpango. Lakini miaka kumi na zaidi baadaye, utafiti wa 1977/78 ulikuta wastani wa watoto 8.1. Sera ilikuwepo, huduma ilikuwa mbali na watu, na wazazi bado waliona kila mtoto ni mkono wa shambani. Wastani ulishuka baadaye, wasichana wengi walipokuwa wamesoma, ada na ufinyu wa mashamba vilipoanza kuwauma wazazi, na vidonge na sindano vilipofika vijijini. Mwaka 1998 ulikuwa 4.7.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu nakifahamu kwa sura ya wifi. Mwaka 2003 Kenya ilipima tena ikakuta 4.9. Sera haikuwa imefutwa. Fedha nyingi za wafadhili zilikuwa zimeelekezwa kwenye janga la UKIMWI, na silaumu hilo hata kidogo, watu walikuwa wanakufa. Ila huku nyuma dawa za uzazi wa mpango zikawa zinakatika kwenye vituo. Ile 4.9 ina wanawake wengi ndani yake walioambiwa wajaribu wiki ijayo.

Na hata sasa, ndani ya Kenya hiyo hiyo, yenye wizara moja na sera moja, utafiti wa 2022 ulikuta Nairobi 2.5 na Mandera 7.7. Wanawake wasiosoma kabisa walikuwa na wastani wa 6.3, waliovuka sekondari 2.8. Kwa hiyo mtu akiniuliza sera ya familia yenye nguvu kuliko zote ni ipi, namjibu ni ile inayomweka msichana darasani mpaka amalize.

Hapa kwetu tumeona pia uwezo wa maneno ya jukwaani unaishia wapi. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais Magufuli aliwataka watu waachane na uzazi wa mpango, akisema wanaoutumia ni wavivu wa kulisha watoto wao. Matangazo ya uzazi wa mpango yakasimamishwa redioni na kwenye televisheni. Hotuba ile ilizungumzwa nchi nzima. Wastani wa Tanzania ulikuwa 5.2 mwaka 2015/16, na mwaka 2022 ukawa 4.8. Wanawake walisikiliza, wakaenda nyumbani, wakapiga hesabu zao wenyewe. Na hakuna mama ninayemfahamu mimi anayepanga uzazi kwa uvivu. Wifi huamka saa kumi usiku.

Sheria nazo zinafanya kazi kimyakimya. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubali Oktoba 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita, na mingine ikafuata. Kenya iliweka miaka 18 bila kumung'unya maneno. Anayeolewa na 15 ana miaka mingi zaidi ya kuzaa mbele yake. Uamuzi wa serikali yetu wa Novemba 2021 wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua ulinipa furaha kwa sababu hiyo hiyo.

Likizo ya uzazi siizungumzii sana. Sheria yetu inampa mama siku 84 na baba siku tatu, na siku tatu ni aibu. Lakini mkulima wa muhogo na mama lishe hawana mwajiri wa kuwapa likizo.

Wapo wanaoogopa kwamba tukiendelea hivi tutafika walipo Korea Kusini, ambako mwaka 2023 wastani ulikuwa 0.72 licha ya serikali kumwaga fedha kwa miaka mingi kuwashawishi vijana wazae. Hofu hiyo iko mbali na wifi yangu. Mimi naona Korea inafundisha kitu kile kile kutoka upande wa pili: mwanamke aliyeona maisha hayaruhusu mtoto mwingine, hundi haimbadilishi kirahisi.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa dawa hizi kwa nchi maskini. Nikakumbuka Kenya ya 2003. Nataka sindano na vijiti vya kuzuia mimba viwe na fungu la kudumu kwenye bajeti yetu wenyewe, kama chanjo, na nataka mbunge wangu aulizwe kuhusu hilo kabla ya barabara.

Wifi amerudi kwenye sindano. Namba ya nesi ameiandika kwa kalamu nyuma ya kadi, na siku hizi hapandi bodaboda kabla ya kupiga simu kuuliza kama zipo.