Boksi Moja Limezidi

Leo nimerudishwa stoo ya kampuni tunayoikagua kwa ajili ya boksi moja la boliti. Na wala halijapotea. Limezidi!

Msimamizi wangu wa fildi, huku ninakojifunzia ukaguzi wa hesabu, alinifunulia karatasi yangu ya kuhesabia, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akanyamaza. Ukimwona mkaguzi ameweka kidole halafu amenyamaza, ujue umekwisha. Leja, daftari lao la hesabu, inasema 412, mimi nimeandika 413. Nami kwa ujinga wangu nikachangamka: "Bosi, si afadhali? Wamepata boksi la bure." Akaniangalia kama anaangalia vocha ya malipo isiyo na sahihi. Kumbe kwenye kazi hii kilichozidi kinatisha sawasawa na kilichopungua. Huenda mzigo umepokelewa haujaandikwa, huenda umeshauzwa mwenyewe hajauchukua, huenda hata si mali yao. "Nenda ukahesabu upya."

Mimi huyu, mwenye tai! Mama ameshawatangazia watu kwamba mwanawe anakagua makampuni. Sina moyo wa kumwambia kwamba wiki ya kwanza nilikagua mashine ya fotokopi, na ya pili nikawa natafuta sahihi kwenye vocha za malipo na kutia tiki ya kijani, mpaka usiku nikaanza kuota tiki. Habari za nauli na posho tuziache, mnazijua. Mhasibu wa mteja naye ana jibu moja tu, "njoo kesho", na hiyo kesho ikifika anakuuliza, "ulikuwa unataka nini vile?" Barua ya benki ya kuthibitisha salio, ambayo jibu lake sharti lije kwetu moja kwa moja bila kupitia kwa mteja, imekwenda kwa mteja. Tumeanza upya.

Haya, stoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umesahau kalamu?"

"Hapana mzee. Kuna boksi limezidi."

Mzee wa stoo akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la koti. "Kijana, wakaguzi nimewaona wengi. Wote wakija hapa wananiambia kimepungua. Wewe ndiye wa kwanza kunishtaki kwa kuwa nacho."

Nikapanda ngazi. Kwa kawaida mteja ndiye anayehesabu mali yake, mkaguzi anashuhudia na kurudia sampuli chache. Sampuli yangu mimi ilikuwa rafu nzima, kuanzia sakafuni hadi kwenye tando za buibui. Nilipofika 196 mzee akaniuliza kutoka chini, kwa upole kabisa, "Kwenu mmezaliwa wangapi?"

"Saba," nikajibu, nikashika boksi linalofuata, nikasema, "nane."

Nikaanza moja. Nilipofika 240 akaniomba nishuke, kuna mtu anapita na toroli. Nikaanza moja tena. Safari hii mzee akanionea huruma, akaamua kunisaidia kuhesabu kwa sauti. Tatizo yeye alikuwa mbele yangu kwa maboksi kumi.

Juu ya ngazi mtu unawaza mengi. Chuoni tulifundishwa kwamba Wazungu jina la kazi hii, "audit", walilitoa kwenye neno la Kilatini la kusikia, kwa sababu zamani hesabu zilisomwa kwa sauti na mkaguzi akisikiliza. Amekaa! Kwenye kiti! Aliyetuharibia ni bwana mmoja wa Marekani aliyejiita Coster, jina lake halisi Musica, mkuu wa kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins. Mwaka 1938 ikabainika kwamba mali za takriban dola milioni 19 kwenye vitabu vyao zilikuwa hewa, zikiwemo bidhaa ambazo hazikuwahi kukaa kwenye stoo yoyote duniani. Karatasi zilikuwa safi, ila hakuna mkaguzi aliyekwenda kutazama. Mwaka uliofuata ikaamuliwa wakaguzi waende wakaone kwa macho. Yeye alijinufaisha, mimi napiga chafya.

Boksi la 413 lilikuwa nyuma kabisa, pembeni, na jepesi.

"Hilo liache," mzee akasema.

Jamani. Mwanafunzi wa ukaguzi unamwambiaje "hilo liache"? Moyo ukanidunda. Nilishaliona jina langu kwenye ripoti, nilishaona kampuni inanyimwa hati safi kwa ushujaa wangu. Nikalifungua. Ndani: kandambili jozi moja, kikombe cha bati, betri mbili za redio, kitana.

"Hilo ni kabati langu," mzee akasema.

Mtu mwingine angecheka yakaisha. Lakini mimi nimefundishwa mashaka ya kitaaluma, yaani nisiamini kitu bila ushahidi. Nikalipiga picha, nikaorodhesha yaliyomo, nikalizungushia seloteipu, nikaandika juu LIMEKAGULIWA LISIGUSWE, nikaweka na tarehe. Nikarudi kwa bosi kifua mbele.

Akasoma. Akaweka kidole. Akanyamaza.

"Boliti zilizokuwa humu zilitoka lini, na kwa hati gani?"

Hati za kutolea bidhaa ziko kwa mhasibu. Mhasibu amesema nije kesho.

Na kitabu cha fildi nacho kinanisubiri hapa, lazima nieleze kazi za leo. Nimeandika, "Nimeshiriki katika uhakiki wa bidhaa ghalani." Sehemu ya changamoto wameacha mistari miwili. Miwili! Aliyekichora hicho kitabu hajawahi kupanda ngazi. Halafu huyu mzee wa stoo ameshanipigia simu mara tatu jioni hii. Anauliza kama anaruhusiwa kutoa kandambili zake, maana buti za kazi zimembana. Nimemwambia avumilie, mpaka bosi asaini.