Mlinzi Gani Huyu wa Kubebewa Maji?

Aliyesema mbwa ni mlinzi hajawahi kupanda naye kilimani. Mlinzi kaja mikono mitupu! Maji yake unabeba wewe, na mbwa wa kilo 20, hata akishinda amelala, hunywa kama lita moja kwa siku. Sasa huyu anapanda mlima na koti la manyoya lisilovulika, na jasho halimtoki kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Unamwekea maji safi bakulini, ananusa kwa dharau, anaelekea dimbwi lenye utando wa kijani. Utando ule unaweza kuwa na sumu ya kumuua siku hiyo hiyo. Vuta kamba!

Kamba nayo ni kesi. Mita 2 zinatosha. Zile za kujikunjua zenyewe huzunguka kichaka, huzunguka jiwe, zikamalizia kwenye vifundo vyako. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, maana akiteleza ukingoni utamnyonga ukidhani unamwokoa. "Wangu mtiifu, hahitaji kamba," husema bwana mmoja kila mlima, huku mtiifu yuko bonde la pili akitimua mbuzi wa watu.

Ng'ombe mwenye ndama? Zunguka mbali. Akiwajia, achia kamba. Ndiyo, achia! Ugomvi wake ni na mbwa, na mbwa ana miguu minne. Wewe una miwili na kitambi.

Halafu mavi. Mtu anayazoa vizuri, anafunga fundo, kisha anautundika mfuko kwenye tawi. Nani aje kuchuma tunda hilo? Kinyesi hueneza minyoo, na kingine huambukiza ng'ombe wakaharibu mimba. Shuka nao.

Mwamba wa juani uguse kwa mgongo wa kiganja sekunde 7. Ukishindwa wewe, nyayo zake nazo zitaungua. Akiyumba, ufizi mwekundu mno, mate mazito, joto limemzidi: kivulini, mloweshe maji, kisha daktari wa mifugo upesi. Na mkimaliza thuluthi ya maji, geukeni. Mbwa akichoka haoni haya, hulala katikati ya njia, na zile kilo 20 zinahamia mabegani mwako.

Mkifika nyumbani, msake kupe: masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Kibanio kishike karibu na ngozi, vuta moja kwa moja, usipake mafuta. Mlinzi anakoroma. Wewe bado una mfuko wa mavi begini.