Sindano ya paka wangu namwachia asiyempenda

Paka wangu anaitwa Shombo kwa sababu nilimwokota soko la samaki akiwa mdogo, na harufu ile ilichukua wiki mbili kumtoka. Sasa ana miaka 11. Ni dume aliyehasiwa, mnene, wa kushinda ndani, na mwaka jana akapata kisukari. Daktari wala hakushangaa. Dume mzee, mnene, asiyetoka kuwinda, ndiye anayepatwa zaidi. Nilianza kumwona anakunywa maji kama ng'ombe, mchanga wa choo chake unalowa mpaka unakuwa tope, anakula kila anachopewa na bado anakonda. Kisha miguu ya nyuma ikalegea, akawa anakanyagia visigino badala ya vidole.

Sukari peke yake ningeimudu. Shida ni kwamba Shombo ni mwoga wa kutupwa. Bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa ikipita barabarani, yeye yuko nyuma ya kabati. Mgeni akibisha hodi, humwoni tena. Shemeji yangu alikaa kwangu siku 4 nzima, akaondoka akiamini paka huyo nimemtunga.

Mimi naishi Mtwara mjini. Mama yangu yuko Newala, peke yake, na mikorosho. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, korosho zinapodondoka, kila baada ya wiki moja lazima Ijumaa nipande basi niende, nirudi Jumapili. Na Shombo anatakiwa kuchomwa insulini mara 2 kwa siku, kila baada ya saa 12, bila wikiendi wala sikukuu.

Nina maoni ambayo najua yatawaudhi wapenda paka wenzangu. Anayempenda sana paka wako usimwachie sindano. Na usiombe fadhila. Mlipe mtu.

Nilianza na fadhila, kama tulivyolelewa. Safari ya kwanza nilimwomba mtoto wa dada yangu, halafu kwa wasiwasi nikamwomba na binti wa jirani "awe anamwangaliaangalia tu." Wote wawili wanampenda Shombo. Jumamosi jioni mpwa wangu akaja akamchoma, akaondoka kwenda kuangalia mpira. Baada ya muda binti naye akaingia, akakuta bakuli tupu na hakuna mtu, akasema masikini, huyu wamemsahau. Akamchoma tena. Alfajiri mpwa wangu akamkuta anayumba kama mlevi, kichwa kinatetemeka. Namshukuru Mungu kwamba kabla sijaondoka nilikuwa nimesema neno asali. Akampaka ufizini kwa kidole, kidogokidogo, bila kummiminia kooni, huku ananipigia simu analia. Kipimo cha sukari kilisoma 2.3, chini mno. Nilirudi kwa basi la kwanza.

Ningemgombeza nani? Mtu aliyekufanyia fadhila huwezi kumuuliza ulikuja saa ngapi, ulimwandikia nani, kwa nini hukupiga simu. Ukimuuliza umemtukana. Ndiyo maana fadhila nzuri ni ya kubeba maji msibani au kumchukua mtoto shuleni, mambo ambayo yakienda kombo kidogo dunia haianguki. Insulini inataka mtu unayeweza kumuuliza.

Daktari aliniambia jambo ambalo nimeliandika kwa kalamu nene nikalibandika kwenye mlango wa friji: UKIWA NA SHAKA, USICHOME. Dozi moja ikikosekana, sukari itapanda, atakunywa maji mengi na kukojoa sana, basi. Dozi ikirudiwa, anaweza kufa usiku huohuo. Watu wengi wenye huruma hulifikiria jambo hili kinyume. Wanaona dawa ni wema, na wema ukizidi hauna ubaya.

Safari ya pili nikasema basi, nitakwenda naye. Nikamtia kwenye tenga la kuku, nikalifunika kwa kanga, nikapanda. Alilia kutoka stendi mpaka tumeipita Nanyamba. Abiria mmoja akauliza kwa sauti, paka anasafirishwa kwenda wapi na kwa kazi gani, na basi zima likacheka kile kicheko ambacho si cha mzaha mtupu. Kusini huku ukionekana na paka kwenye safari lazima ujieleze. Tulipofika kwa mama alijibanza nyuma ya magunia ya korosho, hakula mpaka kesho yake mchana. Asiyekula hachomwi dozi yake kama kawaida. Nikampigia daktari, akasema acha. Nikampima kwa tone la damu ya ukingo wa sikio, namba ikawa juu sana. Daktari akaniambia nisiitilie maanani sana namba ile, kwa sababu hofu peke yake humpandisha paka sukari. Kwa hiyo nilikuwa nimembeba mgonjwa, nimemtisha, nimemnyima usingizi, na hata kipimo nilichokitafuta hakikuwa na maana. Tangu siku hiyo msimamo wangu ni kwamba paka wa aina hii haendi popote. Anayekuja ni mtu.

Mtu mwenyewe nilimpata nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anakaanga vitumbua, anaamka saa 10 alfajiri kila siku ya Mungu, na yeye paka hataki hata kuwaona, kwa sababu miaka yote wamemwibia samaki. Marehemu mumewe alikuwa na sukari. Alimchoma sindano kwa mkono wake kwa miaka 6. Nilipokwenda kumwomba nilianza kwa kuzunguka, shikamoo mama, habari za biashara, mvua zitakuja lini. Akanikata: "Mwanangu, sema unachotaka, mafuta yanaungua." Nikamweleza. Akanyamaza, akageuza vitumbua, akasema, "Mie paka simpendi. Lakini ukinilipa nitakuja."

Tulikubaliana 5,000 kwa siku. Nikitaja bei hiyo wengine hushika vichwa.

Saa tulizochagua ni saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na hapa lugha yetu imetusaidia kuliko kitabu chochote cha dawa: hakuna cha kukumbuka zaidi ya namba moja. Asubuhi vitumbua vya kwanza vimeshatoka, anamwachia binti yake karai, anakuja. Jioni anakuja kabla ya magharibi. Akichelewa nusu saa si kitu, daktari amesema. Anachokatazwa ni kufidia.

Lakini hatukuanza na sindano. Wiki 3 kabla ya safari alikuwa anakuja kila jioni na ungo wake, anakaa sakafuni, anampa Shombo kisogo, anachambua mchele. Hakumwita, hakumwangalia. Paka mwoga anaogopa macho kuliko anavyoogopa mikono, na mtu asiyempenda ana faida hiyo, hamkodolei wala hamwimbii. Wapenzi wa Shombo wote wamewahi kuinama chini ya kabati wakimbembeleza, na yeye akazidi kurudi nyuma. Siku ya 5 alitoka akanusa ungo. Wiki ya pili nikawa namchoma mimi, mama wa vitumbua akitazama, halafu akachoma yeye mimi nikitazama, halafu mimi nikakaa kibarazani nikijifanya nachezea simu. Anachomwa akiwa anakula, ngozi ya ubavuni imevutwa juu kidogo, sindano ni nyembamba mno, na mara nyingi hageuki hata kutazama.

Nimebadilisha na nyumba. Chumba cha kulala nakifunga, ili asiingie kwenye ile pembe chini ya kitanda ambako huwezi kumfikia mpaka umvute mguu. Sebuleni nimeweka boksi la televisheni, nimelitoboa mlango ubavuni na kulikata juu liwe na mfuniko, ndani nimeweka kanga yangu ambayo sijaifua. Anajificha anapotaka yeye, lakini pale ninapotaka mimi.

Chakula nacho nilikigombania. Mtaani kwetu kila anayemwona Shombo anasema masikini kakonda, anamletea wali na mchuzi, au kipande cha ugali wa muhogo. Wanga ndio anaotakiwa kuukwepa. Anakula samaki wa kuchemsha bila chumvi, kuku, na makopo ya paka yakipatikana kutoka Dar es Salaam. Chakula hicho nimekigawa kwenye mifuko midogo ya kila mlo, kimo kwenye friji, mama wa vitumbua haulizi wala haongezi. Huruma hana. Mungu amlinde.

Kuna jambo la bomba la sindano ambalo sitalipita haraka, maana ndipo watu wanapoua paka bila kujua. Insulini ya Shombo ni ya binadamu, glargine, ya yuniti 100 kwa mililita, na bomba lake lina mistari iliyopimwa kwa insulini hiyohiyo ya yuniti 100. Zipo insulini za wanyama za yuniti 40 kwa mililita, zenye mabomba yake. Rafiki yangu alirudi kutoka nje akaniletea zawadi ya pakiti ya mabomba ya yuniti 40, mazuri, ya bei. Ningeyatumia, dozi ya yuniti 2 ingekuwa yuniti 5. Mstari unasoma 2, ndani ziko 5. Nikayatoa nyumbani kabisa. Sikuyaweka hata kwenye droo. Bomba moja la mfano nimelichora kwa rangi ya kucha pale dozi inapoishia, na yaliyotumika yanaingia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, si kwenye shimo la taka wanakochezea watoto.

Na joto letu la Novemba! Insulini iliyofunguliwa haitakiwi kuzidi nyuzi 30, na ikigusa barafu imekwisha, hata ikiyeyuka ikaonekana ileile. Inakaa mlangoni mwa friji, mbali na sehemu ya kugandisha barafu. Umeme ukikatika, maagizo ni kutofungua friji. Umeme usiporudi mpaka asubuhi, dawa inaingia kwenye kikopo kilichofungwa vizuri, kinaelea ndani ya mtungi wa maji. Mtungi ni wa bibi yangu. Nilitaka kuugawa.

Simu ya mama wa vitumbua ni kitochi, hana WhatsApp, na nimekuja kuona afadhali. Ana penseli na kalenda ukutani, akichoma anatia alama, halafu ananibipu. Bipu moja, amekula na amechomwa. Bipu mbili, hajala, sijachoma. Ikiita mpaka mwisho, napokea, na begi nashika. Mpwa wangu alikuwa ananitumia picha 20 kwa siku na katika hizo zote hakuna iliyoniambia kama sindano imechomwa.

Wapo wanaosema watu wanakosa insulini na wewe unamchoma paka, unamlipa na mtu. Sina jibu la kumshinda asemaye hivyo, na sitafuti. Nainunua kwa pesa yangu, na kila baada ya siku 28 natupa iliyobaki, jambo linaloniuma. Ila madrasa tulifundishwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Utotoni niliisikia kama habari ya ukatili. Siku hizi, nikiwa na begi mlangoni na ufunguo mkononi, naisikia karibu zaidi.

Zipo wikiendi ambazo siendi. Dozi ikiwa imebadilishwa wiki hiyo, nabaki, mama yangu ananuna, namtumia pesa ya kibarua wa kuokota.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Jioni tumekaa nje na mama, vidole vimekuwa vyeusi kwa maganda ya korosho, simu ikalia bipu mbili. Nilikaa na simu mapajani usiku kucha. Saa 12 na dakika 10 asubuhi, bipu moja. Niliporudi Jumapili nikaambiwa jirani wa nyuma alikuwa na ngoma ya mwali, spika zimeelekezwa dirishani kwangu, Shombo hakutoka kwenye boksi mpaka usiku wa manane. Kwa hiyo hakuchomwa, na penseli imeandika mviringo badala ya alama.

Nikampa mama wa vitumbua pesa yake, nikasema labda ile ya Jumamosi jioni tuikate nusu, utani tu. Akazihesabu zote, akazifunga kwenye pindo la kanga. "Mie nilikuja," akasema. "Yeye ndiye hakula."